Macho ya Kushoto

Usiku wa nne huu, vyombo havijaoshwa,
kalkuleta imekaa katikati ya meza
kama hakimu asiyetaka lawama.
Gari jipya: miezi sitini ya kudaiwa na benki.
La mtumba: taslimu, leo leo,
na dua kila asubuhi ufunguo unapozungushwa.

Lazima tununue. Pacha wamezaliwa,
Temulun hana tena pa kuweka miguu,
na lile letu la zamani limekufa penye theluji
bila hata kukohoa.

Ganzorig anataka jipya.
Analiota lile jeupe la dukani, nyuma ya kioo,
juu ya zulia kama bibi harusi,
na muuzaji aliyemnywesha kahawa bila kumuuliza jina.
Alipofungua mlango, anasema,
harufu ile ilimshuka mpaka magotini.
Kipya kinyemi, nikamwambia,
ingawa kidonda cha miaka mitano.

Mimi nilikwenda soko la magari, pembezoni mwa Ulaanbaatar,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
pumzi ikigeuka chumvi kwenye kope zangu.
Nikainama chini ya magari ya Japani
nikisaka kutu kama mama anayesaka chawa.
Moja, la rangi ya majivu, viti saba.
Redio yake bado inasalimu Kijapani.
Chini ya kiti cha nyuma nikaokota kibanio cha nywele,
chekundu, cha mtoto fulani
ambaye sasa huenda ananyoa ndevu au ananyonyesha, nani ajuaye.
Kilomita elfu themanini na moja, ilisema dashibodi.
Pedali ya breki ilisema zaidi:
mpira umelika upande mmoja hadi chuma.
Nikamtazama mwenye gari. Akatazama mlima.
Bei ikashuka.

"Usukani wake uko kulia," Ganzorig akasema,
kana kwamba sijui.

Najua. Nchi hii twaendesha upande wa kulia,
na dereva wa gari la Japani hukaa ukingoni, karibu na mtaro;
akitaka kulipita lori
haoni kitu ila tako la lori.
Anayeona ni aliyekaa kushoto.

Miaka tisa, aliyekaa kushoto ni mimi.
Barabara ya Arvaikheer, siku nzima hadi kwa mama yake,
yeye ameganda nyuma ya shehena ya makaa,
mimi nimetoa shingo, nachungulia.
Bado.
Bado. Linakuja la mafuta. Bado.
Sasa!
Na mguu wake huenda. Hauulizi mara mbili.
Mwaka ule alipoachishwa kazi akaacha na kusema,
maneno yetu njia nzima yalikuwa hayo mawili tu,
na tulifika, na mama yake hakujua kitu.

Katika lile jeupe usukani uko kushoto.
Ataona mwenyewe.
Nitaweza kulala, jamani, kwa mara ya kwanza,
shavu kwenye kioo, kama wake za watu wengine,
niamke tumefika na chai iko mezani.
Nimeutamani usingizi huo tangu Temulun anyonye.
Sasa unapouzwa kwa mkopo
naukagua kama ile pedali.

Haya simwambii. Yatasikika kama ya mtu anayebana pesa.
Nimeosha kikombe kimoja, nimerudi.
Kibanio kimo mfukoni mwangu, sijui kwa nini nilikichukua.

Anaigeuza kalkuleta inielekee.
Chini ya meza goti lake linatetemeka.
"Waonaje?" ananiuliza.

Natoa shingo kidogo.
Natazama kando ya bega lake, mbali,
kule ambako yeye, alipokaa, hawezi kuona.

"Bado," namwambia.

Goti likatulia.