Barua Isiyo na Anwani

Siku ya themanini na tano nimerudi maabara, Ilala,
koti jeupe linanibana kifuani kama la kuazima.
Mirija ya vifuniko vya njano imejipanga kwenye reki:
huyu tezi ya shingo imevimba, anatetemeka hata akishika kikombe;
huyu kongosho lake limegoma,
sukari inabisha hodi kwenye kila seli, wa kufungua hayupo.
Nazungusha damu mpaka itengane,
namtafuta mjumbe ambaye hata kwa darubini simwoni.

Chuoni tulifundishwa: tezi humwaga homoni damuni, basi.
Haiandiki mtaa wala namba ya nyumba.
Damu hupita nayo kotekote,
figo, goti, ukope, kisigino,
kama lile gari la matangazo linalokatiza Buguruni
likisema mtoto wa kiume kapotea,
fulana ya bluu, ndala mguu mmoja.
Buguruni nzima inasikia.
Muuza chapati anageuza chapati yake.
Kinyozi haondoi wembe shavuni pa mteja.
Anayeachia ndoo bombani ikamwagika
ni mmoja.

Niliandika "kipokezi", nikapigia mstari mara mbili
kwa ajili ya mtihani.

Saa tano na robo, ng'ambo ya dirisha,
mtoto wa mtu akaanza kulia kwenye foleni ya chanjo.
Si wangu. Wangu, Mwinshehe, yuko Vingunguti kwa wifi yangu
na chupa mbili nilizokamua alfajiri.
Masikio yalijua si wangu.
Akili ilijua.
Lakini chini ya ubongo, tezi isiyozidi punje ya kunde
haikuuliza ni mtoto wa nani.
Ikaachia.
Ujumbe ukapita magotini, kimya,
ukapita kwenye vidole vilivyoshika mrija, kimya,
kifuani ukakuta mlango wake.
Hata dakika haikuisha,
koti la serikali likaota madoa mawili.

Bwana Ngaiza wa zamu akageuza uso,
akaanza kuilaumu feni.
Nikajifunga kanga juu ya koti.
Yule mtoto akanyamaza, kapata wake.
Maziwa yangu yakaendelea;
barua ikishaingia damuni hairudishwi posta,
huachwa ichakae yenyewe.

Mrija uliokuwa mkononi nikaumalizia:
jina la mgonjwa, namba, wodi, saa.
Anwani kamili.