Dakika ya Arobaini na Moja

Kinasa sauti hakichagui.
Kimemeza jogoo, mvua juu ya bati,
nguruwe wa jirani akikwaruza ukuta wa mianzi,
na Bibi Lewia akikohoa kabla ya kila neno
kana kwamba analivuta kisimani.

Alipoyaona manyoya ya maikrofoni
alicheka hadi akashika mbavu: "Popo!"
Ikawa popo tangu siku hiyo. "Mlete popo wako, aje asikie."
Nami kila asubuhi nilimchaji popo kwa jua
kwenye paa la kanisa, upande uliosalimika kimbunga.

Orodha niliyopewa Port Vila ilikuwa na maneno mia mbili:
jicho, moto, chawa, majivu.
Theluji pia. Bibi akangoja nimweleze theluji.
Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma.

Walioijua lugha yote walibaki wawili,
yeye na Ansen Maltok, kiziwi tangu mwaka wa tetemeko.
Jioni alimfuata kwake,
akampa habari za siku nzima, polepole,
naye Ansen akajibu jambo jingine kabisa.
"Si neno," alisema Bibi. "Angalau anakosea kwa lugha yetu."

Kuna nazi yangu ya kula
na nazi yangu ya kunywa,
na hiyo "yangu" si ile ile.
Nikamuuliza: na lugha yangu, nisemeje?
Akanipa "yangu" ya maji, ya supu, ya dafu.
Nikaandika. Sikuuliza kwa nini.
Nilikuwa na haraka, popo alikuwa anakata chaji.

Sasa ni Agosti, chumba cha kupanga, feni inalia.
Bibi amelala upande wa juu wa shamba la viazi vikuu.
Dakika moja ya sauti inakula saa nzima ya usiku wangu:
sikiliza, rudisha, andika, futa.
Nisipoelewa naweka nukta tatu.
Nukta zangu zingekuwa mbegu, ningepanda ekari.

Dakika ya arobaini na moja
anasimulia jinsi kasa alivyompoteza mkewe,
mara anakatiza, sauti inageuka,
ananiambia mimi kitu kifupi, kikali.
Na mimi nasikika nikijibu kwa Kibislama, kwa adabu zote:
"Ndiyo, Bibi. Endelea."

Kimya.
Kisha kicheko chake, kirefu, mpaka kikohozi kinakipokea.

Nimepairudia mara kumi na tisa.
Kitenzi nilikipata juzi kwenye faili nyingine;
kile kiambishi, Ansen alikitumia alipoliapiza paa lake.
Leo usiku, nikiwa nimeshakata tamaa na kuvua miwani,
maneno yamefunguka yenyewe:

"Mjukuu wangu, chakula chetu kinaungua."

Naikumbuka siku ile. Tulikula viazi vikuu
vyenye ukoko mweusi, yeye akinitazama,
akingoja nimuulize.

Nimezifuta nukta tatu.
Nimeandika kuungua, nimeandika sisi,
nimeandika "chetu," ile ya kula.
Kisha miguu ikaniinua yenyewe,
nikaenda kutazama jiko
lililozimwa tangu saa moja.