Chini ya Dungu, Cheju

Ulikuja mpunga ukiwa na mimba,
punje hazijajaa maziwa.
Nilikuona toka juu ya dungu, teo mkononi,
nikadhani umekuja kuiba kama wenzio.
Wewe, kwale, hata masuke hukuyatazama.
Ulipita jaruba la Vuai Shaali,
alilopanda kwa kamba, mistari kama ya daftari,
ukaingia, ukatoka:
baina ya mstari na mstari palikuwa na ujia,
nguchiro angepita bila kuinama.

La pili langu, upande wa mtaro.
Nilichelewa kupalilia, nasema kweli,
Mize alikuwa na homa na mie sina mikono minne.
Ndago zimeshikana na mpunga, ukoka umetambaa,
kila apitaye anaiona fedheha yangu.
Wewe ukaona nyumba.

Ulikagua kama mpangaji mwenye mashaka.
Siku ya kwanza ulipima maji kwa miguu.
Ya pili ulijibanza penye majani, ukangoja
upepo uyafunue, ujue kama mbingu inakuona,
ukaondoka.
Nikasema, hajapenda, kodi imemshinda.
Alfajiri ya tatu nikakusikia chini yangu,
chini hasa, baina ya nguzo nne za dungu,
palipoinuka kidogo, kichuguu cha zamani,
unavuta nyasi kavu, unazilalia, unazivuta tena.

Nani hujenga chini ya mtu mwenye mawe?

Kutwa napiga debe bovu, narusha mabonge ya udongo,
sauti imenikauka kwa "Hoyaaa! Ondokaaa!"
Mnana wanaruka kama wingu lililotobolewa,
kunguru wananitukana na kuhamia kwa Vuai,
na wewe hapo, juu ya mayai manne,
jicho moja wazi, hushtuki.
Ulikwishapiga hesabu zako:
kunguru wanaliogopa teo,
nguchiro haipendi harufu ya jasho langu,
na jiwe la teo huenda mbali, halianguki miguuni.
Kumbe ukuta wako ni mie,
na sikuambiwa.

Bwana shamba alipokuja, kalamu sikioni,
nilimuuliza ndege huchaguaje.
Akasema mengi: urefu wa mmea, unyevu,
umbali wa miti, maana mtini
ndipo adui anapokaa kupeleleza.
Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwonesha.
Akavua viatu, akainama, akanyamaza muda mrefu
kwa mtu anayelipwa kusema.
"Mbona hapa?" akaniuliza mimi.

Mashine ya kuvunia ililetwa na Vuai.
"Tuunganishe majaruba, Bikombo, bei itashuka."
Nikamwambia wangu bado mbichi.
Ulikuwa umekauka hata unalia ukiguswa.
Nikavuna kwa kisu, suke kwa suke, siku tano,
mgongo ukiniuliza nina akili gani,
nikaacha kipande cha upana wa mkeka mmoja.
Siku ya sita yakabaki maganda matatu
na yai moja zima, baridi.
Sikukuona ukitoka. Hukuaga.
Nilipanda dungu jioni ile kwa mazoea tu,
nikakaa, teo pajani, sina cha kuamia.

Mpunga wa mkeka ule sikuuvuna.
Mnana waliumaliza kwa siku mbili, wakijua
kwamba nawatazama.

Mwaka huu Mize mzima, tumepalilia mapema,
majaruba yangu yanang'aa kama sinia.
Ila nikifika upande wa mtaro, karibu na nguzo,
jembe huwa zito.
Naliegemea. Napitisha jicho. Nasema nitarudi kesho.

Vuai anaona uvivu.
Mwache aone.