Neno Lililokwanguliwa

Nyamizi alishuka nacho kutoka meli ya Nansio,
kimefungwa kwenye kanga, juu ya ndoo ya machungwa:
ngozi ya mbuzi, kurasa mia na nne,
wino wa kahawia kama chai iliyolala.
"Kishone tu," akasema. "Kusoma usijisumbue."

Mimi ni mjalidi. Duka langu liko Makoroboi,
ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe;
mvua ikinyesha jiwe hutoka jasho
na rejesta za shule huvimba kama maandazi.
Nimeshona Kurani, nimeshona Biblia,
leja za pamba za chama cha ushirika
kilichokufa pamoja na mhasibu wake.
Herufi sizihofu. Lakini hizi
zilinitazama kama ng'ombe wa mtu mwingine.

Habari haifungwi kamba. Kufika adhuhuri
Mwalimu Rwezaura alikuwa kainamia mimea,
mizizi kama miguu ya kuku,
jani la muhogo kwenye ua la yungiyungi.
"Dawa," akasema. "Kila mmea na ugonjwa wake."
Mmea gani huota hivi, mwalimu?
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaivua tena.

Mama Shija wa Mwaloni, anayekopesha dagaa hadi Kongo,
alicheka mpaka akashika meza.
"Madeni haya! Nani mwenye akili
huandika deni kwa herufi anazozisoma mdaiwa?
Tazama, neno hili limerudi mara sita.
Huyu hajalipa."

Na wale wanawake uchi kwenye madimbwi ya kijani,
dimbwi limeunganishwa na dimbwi?
Fundi wa idara ya maji aliapa ameona valvu.
Ustadhi Mikidadi akakipeleka kwenye kioo cha kinyozi
akisome kinyume;
kinyozi akaacha kichwa cha watu nusu,
wakasimama watatu wakisoma, mmoja ana povu sikioni.

Bugalama wa fotokopi hakuinua hata macho.
"Uongo mtupu. Mtu alikuwa na njaa,
akamwuzia tajiri asiyependa kuonekana hajui."

Nami nilianza kumwamini. Kurasa mia na nne,
hakuna doa, hakuna mstari uliokatwa.
Mimi nikiandika risiti tatu nafuta mara nne.
Mkono usiokosea, ama unanakili
ama unadanganya.

Usiku umeme ukakatika, sindano iko katikati ya mkunjo.
Nikawasha tochi ya simu, nikailaza pembeni,
mwanga ukatambaa chini chini
kama maji yanavyoingia majarubani,
na chini ya mmea mmoja mbaya, wenye mizizi mitatu,
ngozi ilikuwa nyembamba.
Mtu alikwangua neno kwa kisu.
Akaandika lingine juu yake,
refu kwa herufi moja.

Nilikaa. Jiwe lilikuwa linatoa jasho mgongoni kwangu.
Nani hufuta uongo
ili aandike uongo wenye herufi moja zaidi?
Hapa mtu alikosea.
Basi kulikuwa na kupatia.

Zaidi ya hapo sijui. Dawa, deni, bomba,
sijui.

Ijumaa Nyamizi akaja. Nikamweleza, mate yakinikauka.
Akauliza kama gundi yangu inaita mende.
Kisha, akihesabu noti, akasema bibi yake
alifunikia mtungi wa unga kwa kitabu hiki miaka yote.
Ila siku ya msiba alikitoa, akakifungua popote,
akaweka kiganja juu ya ukurasa,
akakaa kimya muda ule ule
anaoutumia msomaji kufika chini.
"Alikuwa anasoma?"
"Alikuwa anakaa," akasema. "Nipe risiti."

Nikaandika: *Kitabu kimoja, kisichosomeka.*
Nikalitazama neno la mwisho.
Nikachukua wembe, nikakwangua taratibu,
karatasi ikatoboka.
Nikampa hivyo hivyo, na tundu lake.