Filamu ya Kabla

Jumamosi, Windsor, saa nane mchana.
Theluji imekuwa uji wa chumvi kando ya njia,
nami nimekumbatia ndoo ya bisi
kwa ajili ya mtoto wa ndugu nisiyesema naye.

Baba yake kamshusha kwenye maegesho.
Injini hakuizima. Kioo hakikushuka.
Niliuona mkono tu, kwa ndani, ukifuta ukungu
ambao haukuwepo.

"Ami," Mudrik anasema, miguu haigusi sakafu,
"hii imetoka ya nne, lakini ndiyo ya kabla.
Humu bado hawajapigana."

Taa zikazimwa.

Roboti wawili wa katuni, rangi za peremende.
Majina yao ya Kiingereza yananiponyoka, nikawapa yangu:
Gango, kifua kama jokofu, jicho moja la taa;
na Sindano, mwembamba, anayesemea puani.
Wanafagia unga wa chuma katika mji wa chini ya ardhi,
wanagawana betri moja usiku kucha,
huyu saa tatu, yule saa tatu,
anayezimika anamwachia mwenziwe moto.

Gango kajigonga mlangoni, ukumbi ukacheka.
Mudrik hakucheka. Kanivuta shati:
"Ami, huyu mwembamba
ndiye atakayemng'oa mwenzake mkono.
Ile filamu ya kwanza. Ya pili,
mji wote unaungua."

Nikatazama upya. Sindano anamfuta Gango
mafuta shingoni, taratibu, kwa kitambaa.
Hajui.
Mchoraji anajua, mtoto anajua,
watu mia wenye bisi mdomoni wanajua,
yeye hajui.

Mashine nazifahamu. Mwaka wa kumi na moja huu
nachomelea milango ya magari zamu ya usiku,
mikono ya chuma kushoto, mikono ya chuma kulia,
na hakuna hata mmoja wenye jana.
Ukikata umeme, basi.
Nani aliwahi kuichorea utoto?

Sisi tulikuwa nao. Baridi ya kwanza,
chumba juu ya duka la matairi,
koti moja, watu wawili.
Sefu akirudi kazini alfajiri, analivua mlangoni,
naliingia lingali na joto lake,
mfukoni kaniachia nusu mkate.
Hapo kiwanja cha Pangani hakijatajwa,
wala hati, wala sahihi ni ya nani,
wala simu ile, na neno lile
nililolisema nimesimama, ili lifike vizuri.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Sawa. Ila waliotuachia usemi huo
hawakusema jembe lifanye nini
kwenye ardhi iliyoganda.

Mwishoni lango la chuma linashuka,
Gango ng'ambo ile, Sindano ng'ambo hii,
na betri ni moja. Wanapeana mkono
kwenye upenyo uliobaki.
Ndio mkono ule ule.
Mudrik akafumba macho. Mimi sikuweza.

Majina yakapanda kwenye pazia, marefu,
mfagiaji akaingia na mfuko wake mweusi.
"Ami, wakitengeneza nyingine, ya kabla ya hii?"
"Watakuwa hawajaonana bado. Watakuwa vyuma tu."
Akafikiri, akilamba chumvi vidoleni.
"Basi wasirudi mbali hivyo."

Nje, gari lile, injini inanguruma,
vifutio vya kioo vikienda na kurudi bure.
Kwa kawaida namwachia mtoto pale penye nguzo.
Leo miguu haikusimama penye nguzo.
Nikazunguka hadi upande wa dereva,
nikagonga kioo kwa kifundo cha kidole
mara mbili, hafifu, vile tunavyogonga kiungo
kusikia kama kimeshika.

Kioo kikashuka upana wa vidole viwili.
Joto likatoka.