Herufi Sita

Niliandaa slaidi arobaini. Umeme ukakatika kwenye ya tatu,
upepo wa Agosti ukasukuma vumbi la Ng'ong'ona chini ya mlango.

"Inalipa?" ikauliza sauti ya nyuma.
"Hailipi."
Viti vikakwaruza sakafu. Wakabaki kumi na mmoja.

Nikawageuzia kompyuta, betri asilimia tisa:
programu hii ni huria,
msimbo uko wazi, karibuni jikoni.

Ndahani Chiloleti, mwaka wa pili, mtoto wa Hombolo,
akagusa kioo.
"Hapa mmeandika Futa, kumbe ni Ghairi.
Ndiyo maana Mama huzima simu nzima,
akihofia hesabu zake za zabibu."

Nikampisha kitini.
Akaandika herufi sita, akatuma kwa bando lake,
betri ikakata roho.

Slaidi thelathini na saba
bado ninazo.