Koti la Maji

Zamu ya usiku, Ballybrit. Nje, mvua haijui kwenda kwao.
Mimi Dervla, binti wa Festy mjenga kuta,
kofia ya karatasi hadi kwenye nyusi, glavu mbilimbili,
nachovya mirija.
Nachovya, nahesabu hadi arobaini, nainua polepole,
maana haraka huacha tone kwenye ncha,
na tone hilo ni kilema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Damu haina subira hiyo.
Mrija ukiingia mshipani bila hodi,
kabla hujamaliza kupiga chafya
albumini imeshafika, imekaa.
Faibrinojeni inakuja nyuma, inaisukuma, inakaa yenyewe,
inatandika nyuzi, inaita jamaa,
nao jamaa wanahamia na vyombo vyao
hadi njia nzima ni ukoko,
kama wa sufuria ya uji niliyoisahau jikoni
siku ile simu ya hospitali ilipolia.

Mrija wa kwanza wa baba uliziba wiki ya sita.
Wa pili, ya nne.
Nesi Oonagh aliuinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja:
"Hapa haupiti hata uvumi."

Sasa hii polima.
Dakta Zsófia, aliyetoka Hungaria na baridi yake,
alinichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono, kantini:
uzi mmoja, na kwenye kila kifundo
chanya na hasi wamelala ubavu kwa ubavu
kama mume na mke waliogombana wakakosa kitanda cha pili.
Jumla yao, sifuri.
Lakini sifuri hii ina kiu.
Huyakumbatia maji, hayaachii,
na protini ikija, mikono imenyooka, inatafuta pa kushika,
inakuta maji,
na si maji yaliyoileta safari yote hiyo.
Inapita.

Nilicheka. Kwetu Connemara
hakuna kisichovaa maji.

Damu nzito kuliko maji: tumelishwa hilo tangu utotoni.
Humu chumbani tunabishana nalo.
Maji membamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu
yanaizuia damu mlangoni,
hayaipigi, hayaiui,
yanaiambia tu: hapa si kwako, endelea.

Baba alijenga kuta zisizo na saruji.
Jiwe hulikalia jiwe kwa uzito wake tu,
upepo hupita katikati, ndiyo maana hauziangushi.
Nilimweleza, pembeni mwa ile mashine inayomsafisha:
Mimi najenga ukuta ambao hakuna kitakachokaa juu yake.
Akanitazama kwa macho yake ya manjano.
"Huo si ukuta, binti. Hiyo ni adabu."

Alhamisi ililetwa damu ya kondoo kutoka machinjioni Athenry,
chupa nne, bado ina uvuguvugu wa malisho.
(Nilipomsimulia, swali lake lilikuwa moja tu:
"Kondoo wa nani?")
Saa nne ikizunguka.
Mirija mitupu ilitoka imevaa sufi nyekundu.
Yetu ilikuwa kumi na miwili.
Tisa ilitoka kama ilivyoingia, ikang'aa, haina habari.
Mitatu iligandiwa kwenye ncha,
palepale pa tone.

Hakuna aliyepiga makofi.
Zsófia aliandika, akafuta, akaandika.
Karatasi za ruhusa zitakula miaka,
na baba hahesabu kwa miaka,
anahesabu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
akiwa na mrija wa tatu kifuani, wa aina ileile ya zamani,
ambao kila jioni naomba usijifunze kushika.

Alfajiri narudi nyumbani.
Sufuria bado iko kwenye beseni, nimeiloweka tangu juzi.
Nakwangua. Upande mmoja umekubali.

Kesho usiku nitahesabu hadi hamsini.